Mgeni Akishakaribishwa Kanisani

Leo nataka tuzungumze juu ya makanisa yetu ya mitaani, yale ya mabati na yale ya mawe yaliyo kando ya barabara kuu kutoka Salgaa kupanda Sachangwan hadi Mau Summit, na juu ya sifa moja ambayo karibu kila kanisa hujipa: kwamba linakaribisha watu. Ukiitazama Jumapili, sifa hiyo ni ya kweli. Wakati wa matangazo ukifika, katibu husimama na karatasi yake akawaomba wageni wainuke. Mgeni huinuka, husema Bwana asifiwe, hutaja jina lake, anakotoka na kanisa analoabudu. Waumini humpigia makofi, pengine wakamwimbia ubeti mmoja huku mashemasi wakipita kumpa mkono, na baada ya ibada huombwa asiondoke kabla ya kunywa chai. Ni desturi njema, na sitaki mtu anisikie nikiibeza. Ninachodai ni kwamba huo ni mwanzo tu wa kazi. Katika eneo kama Sachangwan, kanisa halijamkaribisha mtu mpaka mtu huyo aweze, muda wake ukifika, kushika daftari la hesabu, kupiga kura katika mkutano wa mwaka, na kuzika wafu wake pamoja na wenzake bila kuulizwa kwao ni wapi.

Nianze na mahali penyewe. Sachangwan iko nyanda za juu, kandokando ya msitu wa Mau, mahali pa baridi kali na ukungu wa asubuhi, ambapo viazi, kabeji, karoti, mahindi na pareto ndiyo riziki ya watu. Wanaoishi huko ni Wakipsigis na Wakalenjin wengine, Wakikuyu, Wakisii, Waluhya, Wajaluo, na Waogiek ambao msitu huo ni kwao tangu jadi. Kisha kuna barabara. Hii ndiyo njia ya malori yanayotoka bandari ya Mombasa kwenda Malaba, Uganda, Rwanda na Kongo, na hupita usiku na mchana kwenye mteremko ambao umeua watu wengi mno. Kwa hiyo mtu usiyemjua si jambo la nadra huko. Anaweza kuwa jirani wa kabila lingine ambaye shamba lake linapakana na lako, au kibarua aliyekuja kuchimba viazi kwa msimu mmoja na kupanga chumba kimoja sokoni. Anaweza pia kuwa utingo wa lori lililoharibika, ambaye atalala chini ya lori hilo siku mbili akilinda mzigo. Kanisa la kijiji cha ndani kabisa laweza kukaa mwaka mzima bila kukutana na swali la mgeni. Kanisa la Sachangwan haliwezi.

Kwa nini basi, katika mchanganyiko wote huo, ukiuliza jina la kanisa la mtu huwa karibu umeuliza kabila lake? Sababu yake ni ya zamani kuliko siasa zetu za leo. Wamisionari walipoingia bara, vyama vyao viligawana maeneo ili visigombanie waumini. African Inland Mission, iliyoanza kazi Kenya mwaka 1895, ilishika Ukambani, kisha ikajenga Kijabe na kuenea kwa Wakalenjin. Wapresbiteri wa Scotland walishika Kikuyu na Tumutumu. Waquaker wa Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902, na hadi leo waumini wao wengi ni Waluhya. Waadventista Wasabato walianzia Gendia, kando ya Ziwa Victoria, mwaka 1906, wakapata nguvu Ujaluoni na Ukisii. Tenwek ikawa kituo cha World Gospel Mission, na hapo ndipo lilipochipuka kanisa la Africa Gospel, ambalo mizizi yake iko kwa Wakipsigis. Kila chama kilijifunza lugha ya watu wake, kikatafsiri Maandiko na kuchapa kitabu cha nyimbo. Ilikuwa kazi kubwa iliyofanywa kwa jasho. Ila matokeo yake yalikuwa kwamba Mkenya wa kawaida aliupokea Ukristo ukiwa umevaa nguo za kabila lake.

Mgawanyo huo ulienda sawa maadamu kila mtu alikaa kwao. Lakini walowezi wa Kizungu walikuwa wamechukua ardhi ya Njoro, Molo na Nakuru, wakaleta vibarua kutoka pande zote za nchi, na baada ya uhuru mashamba hayo yakagawanywa na kuuzwa kupitia miradi ya serikali na makampuni ya ununuzi wa ardhi. Waliohamia walikuja na jembe, mbegu na kanisa lao. Ndivyo PCEA ya Wapresbiteri ilivyosimama hapa, AIC ya African Inland pale, Africa Gospel ng'ambo ya barabara, na Wasabato nyuma ya soko, kila moja likiwa na watu wake. Hakuna aliyeitisha kikao akapanga kubagua. Kanisa Katoliki, ambalo parokia zake hufuata ramani na wala si ukoo, lilikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuchanganya watu, na mara nyingi limefanya hivyo. Lakini hata huko jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele chao mwaka 1976, hukutana nyumba kwa nyumba, na nyumba hufuata kijiji, na kijiji kilifuata kampuni iliyonunua shamba. Mtu aweza kuwa Mkristo mwema maisha yake yote hapa asiwahi kuketi kwenye kamati moja na jirani wa kabila lingine.

Gharama ya mpangilio huo tumeilipa zaidi ya mara moja. Mapigano ya kikabila yaliyoanza mpakani mwa Nandi mwishoni mwa mwaka 1991 yalifika Molo na Olenguruone mwaka uliofuata. Askofu Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyekuwa ameliongoza jimbo la Nakuru tangu 1971, aliinua sauti yake hadharani wakati ambapo kusema kulikuwa na hatari, na historia itamkumbuka kwa hilo. Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 2007 na ghasia zilizoufuata. Tume ya Jaji Waki, iliyozichunguza, ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na mamia ya maelfu walihama makwao, wengi wakapiga kambi katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, watu waliokimbilia ndani ya kanisa, wengi wao akina mama na watoto, walichomwa humohumo. Mwezi wa Februari mwaka huo Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, lilitoa taarifa ambayo ingefaa isomwe kila mwaka wa uchaguzi. Lilikiri kwamba viongozi wa makanisa walishindwa kuikabili hali ile kwa sababu wao wenyewe walikuwa wameegemea pande.

Tuyapime maneno hayo. Watu wa pande zote walikuwa wakiomba. Makanisa ya pande zote yalikuwa yamewapigia wageni makofi Jumapili zote za mwaka 2007. Kilichokosekana ni mtu wa upande wa pili ndani ya chumba ambamo mambo yaliamuliwa. Baraza la wazee likiwa la watu wa jamii moja, habari zinazolifikia ni za jamii moja. Uvumi ukija jioni kwamba wale wa ng'ambo ya barabara wanajiandaa kutushambulia usiku, hakuna mzee ndani ya baraza hilo wa kusimama na kusema: mimi nimetoka huko sasa hivi, watu wamefunga milango na wao pia wanaogopa. Sentensi moja kama hiyo, ikisemwa na mtu mnayemwamini kwa kuwa mmehesabu sadaka pamoja naye kwa miaka kumi, inaweza kuokoa kijiji. Mgeni aliyekaribishwa kwa chai tu hawezi kuisema, kwa sababu hayupo hapo inapohitajika.

Mwaka mmoja baadaye Sachangwan ilipata msiba wake. Jumamosi, tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka kando ya barabara, watu wakaja na mitungi na ndoo kuchota, moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa na wengine wengi walipelekwa hospitalini na majeraha ya moto. Miili mingi haikuweza kutambulika, ikazikwa katika kaburi la pamoja. Wako waliosema kwamba marehemu waliponzwa na tamaa. Mimi nakataa hukumu hiyo. Mwezi huohuo serikali ilikuwa imetangaza njaa kuwa janga la kitaifa, na eneo lenyewe lilikuwa bado linauguza vidonda vya mwaka uliotangulia. Mtu aliyepita na ndoo karibu na mafuta yanayomwagika aliona karo au unga wa wiki. Lakini nalitaja tukio hili kwa sababu nyingine. Kaburi lile halina upande wa PCEA wala wa Africa Gospel, halina upande wa Wakikuyu wala wa Wakalenjin. Wajane na yatima wa moto ule walijikuta wana msiba mmoja, hata kama Jumapili walikuwa na ibada nne tofauti. Ikiwa waliweza kuzikwa pamoja, sioni sababu ya msingi inayowazuia waliobaki kuendesha mambo pamoja.

Sasa tuingie ndani ya maisha ya kanisa la kawaida, kwa sababu ukarimu wake mkubwa hauonekani mimbarini. Uko katika wiki. Jumatano kuna ushirika wa nyumbani. Alhamisi au Jumamosi akina mama wana kikundi chao, na vijana wana kwaya. Jumapili baada ya ibada kuna mnada wa sadaka za mazao: kabeji tatu, gorogoro ya maharagwe, trei ya mayai, jogoo aliyefungwa miguu, debe la viazi. Mnadi hupandisha bei kwa utani, mtu hununua kabeji kwa shilingi mia mbili akairudisha iuzwe tena, na kufikia mwisho wa mnada kabeji moja imelipia mabati mawili. Hapo mjane asiye na senti lakini mwenye shamba la kabeji huwa ametoa sawa na mwalimu mwenye mshahara. Msiba ukitokea, mabenchi ya kanisa hubebwa hadi nyumbani kwa marehemu, masufuria makubwa hutolewa stoo, vijana huchimba kaburi, na kila jioni watu hukutana kwa maombi na mchango hadi siku ya mazishi. Bili ya hospitali ikizidi uwezo wa familia, harambee hutangazwa. Hii ndiyo bima ya mtu wa kawaida wa nyanda hizi, na imekuwepo muda mrefu kabla ya serikali kuanza kuandikisha watu kwenye bima ya afya.

Bima hiyo ina daftari. Ni lile la mazoezi la kurasa 96, lenye jalada lililochakaa, ambamo mweka hazina wa kikundi huandika majina upande wa kushoto na shilingi upande wa kulia: mama fulani 50, mzee fulani 100, fulani hajatoa. Daftari hilo ni la haki kwa maana moja: aliyewachangia wenzake atachangiwa. Bila hilo wajanja wangekula jasho la wengine. Lakini hebu tulisome kwa macho ya kibarua aliyekuja msimu wa viazi, au mwanamke aliyehamia juzi na watoto wawili akapanga chumba. Jina lake halimo. Akifiwa na mtoto wiki ya tatu, watu watamhurumia, mchungaji atamwombea, labda kapu la sadaka litapitishwa mara moja, lakini benchi, sufuria, kaburi na mwili kutoka mochari vinafuata daftari. Hapo ndipo ninapopima ukarimu wa kanisa. Makanisa kadhaa yamelitatua jambo hili kwa njia rahisi: yanatenga sehemu ya sadaka, hata iwe ndogo, kwa ajili ya msiba wa mtu ambaye jina lake halimo, na mgeni huandikwa kwenye kikundi siku anapoamua kubaki, bila kungoja barua kutoka kanisa alilotoka. Kisha, mwaka ukizunguka, huombwa na yeye asaidie kuhesabu pesa. Kuhesabu pesa za watu ni heshima kubwa kuliko makofi.

Najua nitajibiwa nini, na pingamizi la kwanza lina uzito. Watasema: lugha. Bibi aliyezaliwa Kuresoi au Nyandarua kabla ya uhuru anaomba kwa lugha ya mama yake, na hakuna mwenye haki ya kumnyang'anya faraja hiyo uzeeni ili kijana wa Kisii ajisikie nyumbani. Ni kweli kabisa, na mimi siombi ibada za lugha za mama zifutwe. Imani iliyoingia kwa lugha ya mama huwa na kina ambacho lugha ya soko haikifikii upesi. Lakini ibada ni jambo moja na uendeshaji wa kanisa ni jambo lingine. Makanisa mengi ya Nakuru tayari yana ibada mbili, ya lugha ya mama asubuhi na ya Kiswahili baadaye, na hakuna aliyekufa kiroho kwa hilo. Tenzi za Rohoni zinaimbwa na madhehebu mengi, na mtu wa AIC akisimama karibu na Mwanglikana watafika ubeti wa mwisho pamoja bila kufungua kitabu. Kinachoumiza ni kamati inayoanza kwa Kiswahili, kisha hoja ngumu ya fedha au ya kiwanja ikifika, inageukia lugha ambayo mjumbe mmoja haielewi. Mjumbe huyo hatalalamika, ila mwezi ujao hatakuja, na watu watasema hana moyo wa kujitolea. Kanuni yangu ni hii: ombeni kwa lugha yoyote inayowagusa, lakini panapoamuliwa jambo la wote, liamuliwe kwa lugha ya wote, na kumbukumbu za kikao ziandikwe kwa lugha hiyo.

Pingamizi la pili ni usalama, na baada ya mwaka 2023 hakuna anayeweza kulipuuza. Msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ulitoa maiti zaidi ya 400 za watu waliofuata mafundisho ya kujinyima chakula hadi kufa. Tangu hapo wazee wa makanisa wana haki ya kuuliza kila anayekuja kuhubiri ametumwa na nani. Zaidi ya hayo, wako matapeli wanaohama kutoka kanisa hadi kanisa na hadithi ya mgonjwa aliyeko hospitalini. Kufungua milango yote si hatari? Ningejibu kwamba Shakahola inatufundisha kinyume cha hofu hiyo. Watu wale waliangamia ndani ya kundi lililojitenga, lililowakatia waumini wake shule, hospitali na jamaa zao, na lililoongozwa na mtu ambaye hakuna kamati iliyoweza kumuuliza chochote. Kanisa lenye wazee wa jamii mbalimbali, hesabu zinazosomwa hadharani na mkutano wa mwaka unaopiga kura ni gumu sana kutekwa na mtu mmoja. Kuhusu tapeli, atashikwa na utaratibu: mgeni hapewi pesa mkononi siku ya kwanza, bali watu wawili humsindikiza hadi hospitalini na kulipa dirishani. Mwenye shida ya kweli hatakasirika kusindikizwa. Na mimbari iwe na mlinzi, hilo nakubali bila masharti. Mtu aweza kukaribishwa mezani leo na akangoja miaka kabla ya kuhubiri.

Hapa niseme kitu kuhusu mgeni wa aina nyingine, yule anayefika na magari manne yenye vioo vyeusi. Huyo hangojwi asimame. Kiti chake kiko mbele kabisa na kina kitambaa. Hupewa maikrofoni, hutoa bahasha, na waliobaki husogezwa nyuma. Waraka wa Yakobo ulikemea jambo hilohilo karne nyingi zilizopita, habari ya mwenye pete ya dhahabu kupewa kiti kizuri na maskini kuambiwa akae chini. Ndiyo maana ilikuwa vyema Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana alipowazuia wanasiasa kusemea mimbarini mwaka 2021, na Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alipokataa mamilioni ya shilingi yaliyotolewa na Rais mwaka 2024. Katika eneo ambalo damu imemwagika kwa sababu ya kura, bahasha ya mwanasiasa inamwambia jirani wa kabila lingine kwamba kanisa hili lina mwenyewe, na mwenyewe si yeye. Mabati yaliyonunuliwa kwa kabeji za mnada hayana ujumbe huo.

Wapo pia watakaosema kwamba kazi ya kanisa ni kuhubiri Injili, na mambo ya kamati na misiba ni ya chifu na ya serikali ya kaunti. Sitakaa sana hapa. Katika sura ya 25 ya Mathayo, watu hawaulizwi walihubiri mara ngapi. Wanaulizwa kama walimpokea mgeni, walimvika aliye uchi na walimtembelea mgonjwa. Anayetaka kuitenga Injili na mambo hayo ana kazi ngumu ya kuieleza sura hiyo.

Nao wasafiri? Mtu aweza kuuliza inawezekanaje kumpa kura na daftari mtu anayepita usiku akielekea Malaba. Haiwezekani, na simdai mtu hilo. Lakini barabara hii ni sehemu ya parokia, ya usharika na ya mtaa, upende usipende. Usiku wa kuamkia mkesha wa mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa, umbali mfupi tu kutoka Sachangwan, na watu 36 wakafa. Baada ya hapo serikali iliweka vizuizi vya saruji kutenganisha pande mbili za barabara, jambo ambalo wakazi walikuwa wamelililia kwa muda. Vizuizi vimesaidia, lakini gari likianguka saa nane usiku, wa kwanza kufika bado ni wakazi, muda mrefu kabla ya ambulansi. Wanafika na tochi za simu. Wengine wanafika kuokoa, na wengine, ni lazima tuseme ukweli, wanafika kupora. Makanisa yana nguvu ya kuamua ni kundi lipi litakuwa kubwa. Yana vijana, yana kumbi, yana kengele na vipaza sauti. Yakikubaliana yote, ya kila dhehebu, kuwapeleka vijana wao wakafunzwe huduma ya kwanza pamoja na Msalaba Mwekundu, kuweka blanketi na machela kwenye kanisa lililo karibu zaidi na mteremko, na kuandika zamu ya nani anaamshwa usiku, basi wale majeruhi wasiojulikana watakuwa wamekaribishwa kwa namna ambayo hakuna makofi yanayoifikia. Kisha vijana waliobeba machela pamoja hawatakuwa rahisi kuchochewa wapigane uchaguzi ukifika. Faida hiyo ya pili ndiyo iliyonifanya nilitaje jambo la barabara katika mazungumzo ya kanisa.

Sidai kwamba kubadilisha orodha ya wazee kutaifuta historia ya ardhi, ambayo ina mahakama zake na machungu yake. Kuna malalamiko hapa ambayo ni ya haki na hayajajibiwa, na mzee wa kanisa hana hati ya kumrudishia mtu shamba. Lakini malalamiko hayo yatasemwa mahali fulani. Yanaweza kusemwa gizani, kila upande kivyake, au yasemwe mbele ya watu ambao wamekula chai moja, wamezika pamoja na kusaini hesabu moja. Mimi nachagua hilo la pili, na naamini wengi wanaonisikiliza wangelichagua wakipewa nafasi.

Kwa hiyo, msikilizaji, kama wewe ni mzee wa kanisa, shemasi, mwenyekiti wa jumuiya au mama wa kikundi, nakuomba kitu kimoja kabla ya mkutano wenu wa mwaka. Chukua orodha ya viongozi wenu na uiweke kando ya orodha ya watu wanaoishi katika kijiji chenu. Ukiona kabila lililopo kijijini halipo kwenye orodha, au wapangaji wa sokoni hawana hata mtu mmoja, usingoje wao waombe. Nenda kwao katikati ya wiki, keti, sikiliza, kisha pendekeza jina.